Mgeni Aliyebisha Kutoka Ndani

Oktoba iliyopita nilikwenda Kwale kumsalimia mama mdogo, nikarudi Nairobi na mkungu wa ndizi uliofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Mkungu wa mama mdogo haukataliwi. Ukiukataa utasemwa hadi siku ya arusi yako. Pale stesheni ya Miritini mizigo hupangwa mstari chini ili mbwa wa polisi wainuse. Mbwa akapita kila begi kwa dharau. Alipofika kwenye ndizi zangu akasimama, akatumbukiza pua, akapiga chafya, kisha akaniangalia mimi. Nikajua leo nalala ndani. Askari akamvuta kamba, nasi tukaingia garimoshi. Laiti ningemsikiliza yule mbwa.

Naishi Zimmerman, orofa ya tatu, chumba kimoja ambamo jiko, kitanda na sebule vinaamkiana. Mkungu niliutundika kwenye msumari juu ya kiti cha wageni, maana hapakuwa na pengine.

Usiku huohuo, saa sita hivi, mvua inanyesha: Klak! Mara moja tu, sauti nene na kavu, kama mtu kagonga mlango kwa kifundo cha kidole.

"Nani?"

Kimya. Nikafungua. Nje hapakuwa na mtu, ila ndoo ya jirani inakinga maji. Nikarudi kitandani, na nilipoanza tu kupata joto: Klak! Nilifungua mlango ule mara saba. Mara ya saba nilikuwa nimejifunga shuka na kushika mwiko wa ugali, nikakutana uso kwa uso na jirani wa kushoto akirudi kutoka zamu. Tangu siku ile hunisalimu kwa mbali.

Asubuhi Mama Kevo wa mlango wa pili akaniita pembeni.

"Baba, ulisema juzi ulikuwa wapi?"

"Kwale."

"Pwani," akasema, kama daktari anayesoma matokeo. Kwenye ploti yetu, chochote kitokacho Pwani kina jini mpaka ithibitishwe vingine: embe, mkeka, hata bwana wa mtu. "Na linabisha hodi usiku?"

"Linabisha, nikifungua halipo."

"Halibishi hilo. Limeshaingia, linakukumbusha tu."

Jambo moja lilinichanganya. Mende walikuwa wanapungua. Nimeishi mle miaka minne, nimenunua dawa za kila rangi, na mende wamezila wakanenepa. Sasa naamka asubuhi sioni hata mmoja kwenye sufuria. Nikajiuliza, jini gani hili linalosaidia kazi za nyumbani? Kusema kweli nilianza kulipenda.

Oktoba ni mwezi wa rozari, na jumuiya yetu ndogo ndogo ilikuwa ikizunguka nyumba kwa nyumba. Alhamisi ikawa zamu yangu. Watu kumi na mmoja wakajibana humo, wengine juu ya kitanda, wengine kwenye mtungi wa maji. Mwenyekiti wetu, mzee mgane mwenye kipara kinachong'aa kama kimepakwa mafuta, akaegemeza mwavuli wake ukutani na kupewa kiti cha wageni. Chini ya ndizi.

Tukaanza vizuri. Mwenyekiti akafika "Bwana yu nawe", akavuta pumzi.

Klak!

"Karibu," akasema, bila kufumbua macho.

Hakuna aliyeingia. Salamu iliyofuata, akavuta pumzi tena. Klak! Sasa watu wakautazama mlango, halafu wakanitazama mimi. Mama Kevo alikuwa amekuja amejiandaa. Akatoa kichupa cha maji ya baraka, akanyunyizia mlango, dirisha, jiko na mwenye nyumba. Kisha akanyunyizia ndizi.

Kitu kikaruka. Sikukiona kikiruka, nilikiona kimeshafika. Katikati ya kipara cha mwenyekiti alikuwa ameketi chura wa kahawia, mwenye alama ya pembetatu mgongoni. Ncha za vidole vyake zilikuwa na visahani vidogo, na kila kisahani kilikuwa kimeganda kwenye ile ngozi kama stempu kwenye bahasha. Macho makubwa, na mboni imesimama wima, kama ya paka.

Mama Kevo akayaona hayo macho. "Paka!" Na kila aliyekulia kwenye hadithi za majini wa Pwani anajua paka huwa ni nani. Chumba kilichochukua nusu saa kujaa kilimwagika kabla hujapiga kofi. Mwenyekiti ndiye aliyetangulia, na kwa vile chura hakuwa na safari ile, akarukia ukutani na kubaki hapo amenata.

Aliyebaki nami ni Wanja, bintiye Mama Kevo, ambaye anasomea mambo ya wanyama chuo kikuu. Akamfunika chura kwa bakuli la plastiki, akamwangalia kwa furaha kama aliyeletewa posa.

"Leptopelis flavomaculatus," akasema.

Kutoka ngazini mama yake akaitikia, "Amina!" akidhani binti anakemea pepo.

"Kaka, huyu si jini. Huyu ni kapera."

Akanieleza. Hawa ni chura wa mitini, wa misitu ya pwani kama Shimba Hills na Arabuko-Sokoke, kushuka Tanzania hadi Msumbiji. Mchana hujificha, usiku huwinda wadudu. (Mende wangu!) Madume ndio wanaolia, hasa mvua ikinyesha, wakiita wake. Jina hilo maana yake ni mwenye madoa ya njano, kwa sababu wachanga huwa kijani wenye madoa, na Günther wa jumba la makumbusho kule London ndiye aliyewapa mwaka 1864. Jike hatagi majini; huzika mayai ardhini karibu na maji, na viluwiluwi hujinyonganyonga wenyewe hadi mtoni.

Watu husafiri hadi Shimba Hills kumwona palahala, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, kwa kuwa Kenya hii hapatikani kwingine. Mimi nimerudi na bwana harusi asiye na bibi. Nikamfikiria pale juu, orofa ya tatu Zimmerman, saruji mpaka barabara kuu, anaita usiku kucha. Mimi mwenyewe naita huu mwaka wa nne.

Nikapendekeza tumwachilie msitu wa Karura, hapahapa Nairobi. Wanja akakataa katakata: si kwao, mke hatapata, na anaweza kuwapelekea chura wa huko ugonjwa wa kuvu wa ngozi ambao umeshaua chura wengi duniani. Kwa hiyo binamu yangu anayeendesha basi la usiku akambeba kwenye mkebe wenye matundu na majani mabichi. Mama mdogo akapiga simu.

"Mwanangu, mimi nimekupa ndizi, wewe wanirudishia chura?"

"Ni wako, mama. Alidandia."

Akamwachilia kijitoni karibu na msitu, huku akinung'unika.

Wiki iliyofuata mvua ikarudi. Niko kitandani, nusu usingizini, nikasikia sauti moja ya kugonga, kavu. Usingizi ukanisahaulisha kwamba mwenyewe alishasafiri.

"Nyamaza wewe kapera!" nikapaza sauti. "Hata ubishe mpaka Krismasi, nani atakuoa na macho hayo?"

Kimya kirefu. Kisha sauti ya mwenyekiti, nyuma ya mlango:

"Nimefuata mwavuli wangu."