Mama wa kamati ya mapokezi naye apewe nafasi ya kuzungumza

Siku ya kwanza ya kongamano la usimamizi wa miradi hapa Mbeya, mtoa mada wa asubuhi alituonyesha picha ya jumba la opera la Sydney. Ukumbi ulikuwa umejaa: wahandisi wa halmashauri, maofisa mipango, watu wa mashirika, wahadhiri, vijana waliohitimu juzi. Akatueleza kwamba jumba lile lilikadiriwa kugharimu dola milioni 7 za Australia na kumalizika mwaka 1963, likaja kufunguliwa 1973 likiwa limekula dola milioni 102. Ujenzi ulianza michoro haijakamilika, na hakuna aliyekuwa na uhakika paa lile litasimamaje.

Somo zuri, nililiandika lote. Lakini niliumia. Stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, haikuwa mbali na tulipokaa, bajaji inakufikisha, na kwa siku zote mbili sikusikia mtoa mada hata mmoja akiitaja reli ile.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ni kilomita 1,860, zilizojengwa kati ya 1970 na 1975 na kukamilika kabla ya muda uliopangwa. Kipande kilichowatoa watu jasho ni cha huku kwetu, Mlimba kupanda Makambako, pale reli inapoliacha bonde la Kilombero na kukwea milima, daraja baada ya daraja, handaki baada ya handaki. Miaka ya baadaye mizigo ikapungua, vichwa vya treni vikaharibika, na hilo nalo ni somo: kumaliza kujenga ni jambo moja, kuendesha ulichokijenga ni jambo lingine. Anayetaka kutufundisha sisi wa Nyanda za Juu Kusini kuhusu muda, mawanda (yaani ukubwa wa kazi) na vihatarishi, mfano anao hapa hapa.

Nisieleweke vibaya. Kongamano lilinifaa, na lingine likiitishwa nitakwenda. Ila nilirudi nyumbani nikiamini jambo moja kuliko nilivyoliamini kabla: ujuzi wa kusimamia miradi upo mwingi huku kwetu, na wengi wenye nao hawakualikwa.

Nina mtu ninayemfikiria ninaposema hivyo. Mwishoni mwa 2021 serikali ilitoa fedha za kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, kutoka kwenye ule mkopo wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wa shilingi trilioni 1.3. Darasa moja la sekondari lilitengewa milioni 20, na yalitakiwa yawe tayari wanafunzi wanapofungua shule Januari. Kazi ilifanyika kwa utaratibu wa fosi akaunti: shule yenyewe inanunua vifaa, inaajiri mafundi wa jirani, na wananchi wanaunda kamati, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Wakati huo nilikuwa nafuatilia mradi wa maji Rungwe, katika kata ambayo shule yake ilipata madarasa. Kwenye kamati ya mapokezi alikuwemo mama mmoja mkulima wa ndizi na chai, umri wake kama wa mama yangu.

Alikuwa na fimbo aliyoitia alama kwa kisu. Lori la mchanga likifika, anapandishwa juu, anaichomeka fimbo pembeni, katikati, na nyuma kabisa, kwa sababu alishajua mchanga hurundikwa katikati ili lori lionekane limejaa. Kisha anatia mchanga kidogo kwenye chupa ya maji, anatikisa, anaiweka kivulini. Tope likitulia juu ya mchanga, analipima kwa kidole. Fundi mmoja alimfundisha hivyo, naye hakusahau. Siku niliyokuwepo tope lilikuwa nene. Dereva alipiga kelele, mwalimu naye alikuwa na presha ya tarehe. Mama akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi huu sisaini. Watakaokaa humo ndani ni wajukuu zangu." Lori likaondoka na mchanga wake.

Tena ndiye aliyeshikilia kwamba mchanga na mawe yote yaingie kabla ya katikati ya Novemba. Njia ya kwenda mtoni aliijua, alijua mvua ikianza hakuna lori litakalopanda kile kilima. Kongamanoni tulitumia saa nzima kuelezwa jinsi ya kuitambua ile kazi ambayo ikichelewa mradi mzima unachelewa. Yeye alikuwa nayo kichwani.

Na mimi niliyekuwa na kompyuta? Mpango kazi wangu wa mradi wa maji ulikuwa mzuri kuutazama, mistari ya rangi imepangwa kama nguo kwenye kamba. Mitaro ilikuwa ichimbwe kwa nguvu za wananchi mwezi Oktoba. Shirika nililofanyia kazi likachelewesha fedha, zikaingia Desemba, na mimi nikausogeza mpango mbele kama ulivyo, bila kufikiri upya. Desemba na Januari watu wako shambani. Kuna mahindi, kuna maharage, kuna palizi. Utamtoa nani shambani aje kuchimba mtaro unaojaa maji usiku huohuo? Saruji tuliyoihifadhi kwenye banda la kukodi ikavuta unyevu ikaganda, mifuko mingi tu. Huku mvua zetu ni za msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili, na Rungwe hazina haraka ya kuondoka. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Fedha ikichelewa miezi minne, inakutana na mvua mlangoni.

Mhandisi mmoja aliyetoka Makete aliliuliza hasa hilo. Akajibiwa aongeze siku za akiba kwenye ratiba, tukaambiwa muda wa chakula umefika. Suala lile lilistahili alasiri nzima. Siku za akiba hazisaidii mahali ambapo ukikosa miezi mitano ya kiangazi umekosa mwaka.

Mada ya vyeti ndiyo iliyojaza watu hadi wengine wakasimama. Wengi walitaka kujua kuhusu PMP, cheti cha usimamizi wa miradi kinachotolewa tangu 1984 na PMI, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa 1969. Mwenye shahada anatakiwa awe ameongoza miradi kwa miezi 36, asiye nayo miezi 60, pamoja na saa 35 za mafunzo. Mtihani una maswali 180. Ukifaulu, kila miaka 3 unakusanya pointi 60 za kujiendeleza. Ada yake inazidi dola 400, na kwa kijana wa hapa hizo ni fedha za kuanzia maisha. Mtihani ule nauheshimu, hasa kwa kudai uzoefu kabla ya cheti. Lakini mtu anaweza kuufanya akisaidiwa na tafsiri ya Kiarabu, Kifaransa, Kichina au Kijapani. Ya Kiswahili haipo.

Hapa nyumbani mhandisi anasajiliwa na bodi kwa sheria ya 1997, mhasibu ana bodi yake, NBAA, mtu wa ununuzi na ugavi ana yake, PSPTB. Anayesimamia mradi wenyewe anaokota ujuzi njiani. Mimi sidai bodi nyingine. Ninaloomba ni dogo kuliko hilo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, imekuwa ikiwapima waashi na makanika waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti, wanaita urasimishaji wa ujuzi. Kwa nini usimamizi wa miradi ya kata usiwemo? Mtu apimwe kwa Kiswahili: kusoma makadirio ya vifaa, kupokea mzigo, kutunza daftari la stoo, kupanga kazi kwa kufuata msimu, kukataa kusaini. Nina hakika mama yule angefaulu, na wapo wenzake Ludewa, Kilolo, Mbozi.

Jambo jingine la kongamano ni lugha. Mawasilisho yote yalikuwa Kiingereza. Ikifika saa ya chai, tukishika vikombe na magimbi, mazungumzo yanahamia Kiswahili na hapo ndipo watu wanaanza kusemezana ukweli: mkandarasi aliyekimbia, diwani aliyehamisha kisima, bomba lililofukiwa juujuu. Hayo yote yalibaki kwenye chai. Waandaaji nawaomba, mwakani siku moja kati ya hizo mbili iwe ya Kiswahili tupu, na walioko kwenye kamati za vijiji wawe watoa mada, walipiwe nauli kama wanavyolipiwa wengine.

Wiki iliyofuata nilishuka Tukuyu nikapita kumsalimu mama. Alinikaribisha ndizi, akataka kujua huko mjini tulikuwa tunajifunza nini. Nikamsimulia habari ya jumba la Sydney, jinsi walivyoanza kujenga kabla ya michoro kukamilika. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza:

"Sasa mwanangu, hao wa kupokea kazi pale walikuwa akina nani, na kwa nini walisaini?"