"Rehellisyys" usilikariri peke yake

Anayezungumza Kiswahili haanzi Kifini mikono mitupu. Sisi hutoa "uzuri" kwenye "-zuri" na "uhuru" kwenye "huru". Wafini hufanya vivyo hivyo, ila kiambishi chao hukaa mwishoni: "vapaa" ni huru, "vapaus" ni uhuru. Mtu asiyedanganya ni "rehellinen". Ondoa "-nen", weka "-syys", utapata "rehellisyys".

Ndiyo maana siafiki mtindo wa kuandika daftarini "rehellisyys = uaminifu" kisha kurukia neno jingine. Uaminifu wetu umebeba mengi, na Kifini huyagawa. Asiyesema uongo wala kupunja ana "rehellisyys". Asiyemsaliti mwenzi wake ana "uskollisuus". Yule unayeweza kumwachia funguo za nyumba ana "luotettavuus". Ukisifia "uskollisuus" ya muuza duka aliyekurudishia chenji sawasawa, utaeleweka vingine kabisa. Tazama pia miisho: shina likiwa na a, o au u, kiambishi huwa cha u, kama "-uus", lisipokuwa nazo, huwa cha y, kama "-yys".

Ugumu wenyewe uko kwenye sentensi, kwa sababu s ya mwisho hupotea. "Arvostan rehellisyyttä", nathamini uaminifu. "Kiitos rehellisyydestä", asante kwa kusema kweli. Aliyekariri umbo la kamusi tu akisikia "rehellisyydestä" atalitafuta kamusini asilione. Kwa hiyo kadi moja ibebe maumbo manne: "rehellinen, rehellisyys, rehellisyyden, rehellisyyttä", na sentensi moja fupi nyuma yake. Kadi tatu za namna hiyo kwa siku zinanitosheleza kuliko orodha ya maneno ishirini yaliyo uchi.

Umbo la tatu kadini, "rehellisyyden", yaani "wa uaminifu", ndilo lisilofaa kurukwa hata kidogo, maana ndilo linalofichua jamii ya neno. "Kysymys", yaani swali, linafanana mwisho na "rehellisyys", lakini limetokana na kitenzi "kysyä", kuuliza, nalo huwa "kysymyksen". Yanayotokana na vivumishi huchukua "-den", yale ya vitenzi "-ksen". Hata "luottamus", imani uliyo nayo kwa mtu, ni "luottamuksen", kwa kuwa limetoka kwenye "luottaa", kuamini. Ilhali "luotettavuus" ni "luotettavuuden".

Kuhusu matamshi, y ya Kifini si ya "yai". Weka midomo kama unatamka u, ulimi ukae pa i. Ll ishikilie kidogo, na yy ivute mara mbili ya y moja. Urefu hubadili maana, kwani "tuli" ni moto, "tuuli" ni upepo, "tulli" ni forodha. Mkazo sisi huuweka silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo hutuponza: mdomo unataka kusema "rehelLIsyys". Wafini hukaza ya kwanza, REhellisyys. Methali yao "Rehellisyys maan perii", uaminifu huirithi nchi, ni zoezi zuri kwa sababu ni fupi. Piga kofi moja kila neno linapoanza: RE, MAAN, PE. Anza polepole, na usiongeze kasi mpaka yy isikike ndefu bila kuvuta mkazo kwenda kwake.