Siku Stata Ilipozunguka

Kila aliyepita chuo cha ufundi wa umeme amewahi kuandika kwenye daftari kwamba mota ina sehemu kuu mbili, stata na rota, na kwamba stata ni ile isiyozunguka. Mimi niliiandika sentensi hiyo, nikaipigia mstari, nikaijibia mtihani na kuwekewa vema. Mkufunzi aliyeniwekea vema hiyo ndiye aliyesimama siku moja katika karakana ndogo karibu na Soko Kuu la Tabora, akiwa amevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi hadi ndani ya mifuko, akaiona stata ikizunguka mbele ya macho yake na ndoo ya asali ikiifuata.

Nilikuwa Tabora kwa mafunzo kwa vitendo, yale ambayo sisi wanafunzi tunayaita fildi. Wenzangu wengi waligombania viwanda vya Dar es Salaam, nami nikachagua Tabora kwa sababu ya kitaaluma kabisa: shangazi yangu anaishi Cheyo, na kwa shangazi hakuna kodi ya chumba. Karakana iliyonipokea ilikuwa kibanda cha mabati chini ya mwembe, mmoja wa ile miembe mikubwa ya mji huo ambayo wenyeji watakwambia ilitokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi wa misafara ya zamani. Mwenye karakana alikuwa mzee wa Kinyamwezi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa mkono mmoja kwa waya wa shaba wa kusukia mota. Aliponiuliza kabila nami nikamjibu kwamba ni Mzaramo wa Kisarawe, aliivua miwani hiyo, akawaita mafundi wa vibanda vya jirani, akawatangazia kwamba ameletewa mtani, hivyo kuanzia siku ile kila kitakachopotea, kuungua au kuliwa kimepata mwenyewe. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo sikuwa na pa kukatia rufaa.

Mzee hakuamini sana ufundi wa mdomo. Alinipa pasi iliyokufa, akaniagiza niifungue, nivipange vipande vyake juu ya gazeti kwa mfuatano wa kufunguliwa, kisha niifunge tena bila kubakiza skrubu. Ndani ya pasi ile ndipo nilipokutana na themostati ambayo haikuchorwa ubaoni. Ni kipande chembamba cha metali mbili zilizoshikamanishwa, moja ikitanuka kuliko nyingine inapopata joto, ndiyo maana kipande chote hujikunja, kikazitenganisha ncha zinazopitisha umeme, pasi ikapumzika. Kikipoa hunyooka, ncha zikagusana, pasi ikaanza tena. Ule mlio mdogo ambao mama zetu wameusikia miaka yote wakinyoosha sare za shule ni mlio wa kipande hicho kikibadili msimamo. Pasi yenyewe haikuwa na ugonjwa mwingine ila ncha hizo kuungua na kuwa nyeusi. Mzee alizisugua kwa msasa laini, akamaliza, akamtoza mteja bei ya uganga badala ya bei ya msasa.

Blenda ilinifundisha habari ya kaboni, vile vipande viwili vyeusi vinavyosukumwa na springi ili viguse sehemu inayozunguka, ambavyo huliwa kidogo kidogo hadi mota inaanza kutoa cheche na harufu. Friji sitalisemea, kwa kuwa sikuruhusiwa kuligusa zaidi ya kulifuta vumbi. Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa ubao wa kupimia, wenye balbu ya uzi ya wati 100 iliyofungwa kwa mfuatano na soketi. Hakuna kifaa kilichotoka mikononi mwetu ambacho hakikuchomekwa pale kwanza. Kikiwa na shoti, balbu iliwaka kwa nguvu zake zote na hasara ikaishia kwenye mwanga. Kifaa cha mota kikiwa kizima, balbu iliwaka kwa unyonge, nasi tukajua kwamba kinaweza kupelekwa kwenye umeme kamili bila kuwaletea majirani giza.

Kifaa kilichotawala karakana, hata hivyo, kilikuwa pangaboi, ile feni ya darini. Mwezi wa Septemba na wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, joto la Tabora humkumbusha kila mtu kwamba ana pangaboi lililokaa miezi likinguruma bila kuzunguka, na wote hukumbuka siku moja. Katika mota tulizozoea, kama ya pampu ya maji, rota imo ndani na stata imeizingira. Pangaboi ni kinyume chake: koili, yaani zile nyaya za shaba zilizosukwa, zimo katikati, zimekazwa kwenye mhimili unaoning'inia darini, na kinachozunguka ni ganda la nje, ambalo ndilo limebeba mapanga. Rota imeivaa stata. Mota hii ina ncha nyingi za sumaku, kwa hiyo haina haraka. Kwa umeme wetu wa hezi 50 huenda mizunguko mia tatu na kitu tu kwa dakika. Nayo stata ya pangaboi haizunguki kwa sababu moja tu, kwamba imefungwa kwenye dari ya mtu. Jambo hili halikuwamo katika daftari langu.

Waya zinazotoka kwenye koili zake mara nyingi ni tatu, na Mzee alinizoeza kuzitambua kwa mita bila kutazama rangi, maana rangi alizotumia fundi aliyetangulia ni siri yake na Mungu wake. Unapima kila jozi. Jozi yenye ukinzani mkubwa kuliko zote ndiyo ncha mbili za mwisho, na kapasita, kile kikopo kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, hukaa kati yake. Waya uliobaki ndio wa pamoja. Ukiingiza umeme kwenye ncha isiyo yake, pangaboi huzunguka kinyume na kupuliza hewa darini, mwenye nyumba akalala na jasho lake huku buibui wakipata upepo.

Mzee hakuwahi kupimia pangaboi mezani. Alikuwa na ndoana ya nondo iliyofungwa kwenye tawi la mwembe, na kila mota iliyosukwa upya ilitundikwa pale bila mapanga, ikawashwa, ikasikilizwa. Mwembe ule ulizaa maembe Desemba na mapangaboi Septemba.

Mkufunzi alikuja kunikagua saa nne asubuhi, na fomu ya tathmini mkononi, wakati wa chai. Karakana ile haikutia sukari katika chai. Mteja mmoja wa Sikonge, aliyekuwa ameacha friji lake, alikuwa amelipa sehemu ya deni kwa ndoo ndogo ya asali, nayo ilikaa mezani, mfuniko pembeni na kijiko ndani. Meza yenyewe ilikuwa ya mninga, iliyosuguliwa na mikono ya watu kwa miaka mingi hadi skrubu haitulii juu yake.

"Shikamoo, Mzee wangu."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kiti, karibu chai."

Mkufunzi alikuwa akiitazama ndoana. "Na hiki ni kitu gani?"

"Hapo ndipo tunapopimia mapangaboi, Mwalimu."

"Mtini?"

"Mtini, Mwalimu."

Aliandika neno kwenye fomu yangu, nami nikalisikia tumboni. "Mzee wangu, bila kukuvunjia heshima, karakana ina meza. Kijana huyu anapaswa kujifunza utaratibu wa kisasa. Kifaa hupimiwa mezani."

"Meza ninayo, Mwalimu, lakini pangaboi halipendi meza."

"Pangaboi ni mota, Mzee wangu. Mota haina mapenzi wala chuki."

Mzee alinitazama, akamtazama kijana wa Isevya aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kuisuka mota moja, kisha akakunja mikono. "Haya, Mwalimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mkufunzi aliichukua mota ile, akailaza kitumbo juu ya mninga, mhimili ukitazama mbinguni, akaziunga waya zake na plagi, akaupita ubao wenye balbu bila kuusalimu, akachomeka moja kwa moja kwenye ekstensheni iliyokuwa imebeba pia birika la umeme na redio. Mimi nilifungua mdomo. Nataka ieleweke kwamba niliufungua. Lakini mwanafunzi ambaye fomu yake bado haijajazwa hufungua mdomo kwa namna ya pekee, isiyotoa sauti.

Akawasha.

Stata na rota husukumana kwa nguvu sawa, na anayezunguka ni yule asiyeshikwa. Ganda, lenye uzito wake na lililokuwa limelalia meza, lilikataa. Mhimili, ambao haukuwa na dari ya kuushika, ulikubali. Ukaanza kuzunguka, stata ikiwa ndani yake, na waya zilizotoka kichwani pake zikaanza kujiviringisha. Waya zilipokwisha ikaja ekstensheni. Ekstensheni ikaja na birika, birika likaja na redio, iliyokuwa ikisoma matangazo ya vifo, na waya wa redio, ambao ulikuwa umepita nyuma ya ndoo, ukaja na ndoo.

Sitamnyima Mkufunzi haki yake, kwa maana alionyesha ushujaa. Aliukamata mhimili kwa mikono miwili. Kwa kufanya hivyo akawa dari. Stata ikasimama, kama daftari linavyotaka, na rota, kwa kuwa sasa imepata mtu wa kuishikia stata, ikaanza yenyewe kuzunguka juu ya mbao laini, ikayumba kama pia iliyolewa, ikaserereka kuelekea ukingoni na kumvuta mshikaji wake mezani, kifua kikitangulia, hadi mahali ambapo asali ilikuwa imekwisha kufika.

"Zima!" alipaza sauti kijana wa Isevya, akikimbilia nje, ambako hakukuwa na swichi yoyote.

Mzee hakukimbia. Alinyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa fagio la mpini mrefu ambalo siku zote nilidhani ni la kufagilia, na kwa ncha ya mpini akaishusha meni swichi. Redio ikakatika katikati ya jina la marehemu.

Asali ya miombo haina haraka, na hilo ndilo linaloumiza, kwa sababu una muda wa kuona kila kitu itakachokifikia. Ilipita kwenye gazeti la blenda, ikachukua kaboni na springi zake. Ikapita kwenye gazeti la pasi, ambako nilikuwa nimepanga vipande kwa mfuatano wa kufunguliwa, na mfuatano huo ukawa wa asali. Ikafika kwenye fomu ya tathmini, ikasimama hapo. Mkufunzi alijinyanyua polepole, na suti ya Kaunda ikabaki kidogo mezani kabla ya kukubali kuondoka naye.

Tulikuwa hatujamaliza kuomboleza, nyuki wa kwanza akaingia. Nyuki anayetafuta chakula akishakipata hurudi mzingani, akawachezea wenzake mchezo unaowaonyesha upande na umbali. Huyu alicheza vizuri sana. Baada ya muda mfupi walikuja wengi, wakagawana kazi: wengine meza, wengine ndoo, wengine Mkufunzi.

"Nyuki aliye mbali na mzinga wake hana ugomvi, Mwalimu," alisema Mzee. "Usimpige tu."

Mkufunzi akapiga.

Moshi uliwashwa ndani ya ngoma ya mashine ya kufulia iliyokufa zamani, kwa majani makavu ya mwembe, na ninathubutu kusema kwamba hakuna jiko la moshi lililobuniwa vizuri kuliko ngoma ile, kwa jinsi ilivyotobolewa pande zote. Mkufunzi aliwekwa karibu nayo kwenye kigoda. Nyuki walipungua. Kilichoongezeka ni mdomo wake wa juu, uliokuwa umechomwa mara moja tu, lakini mahali pazuri. Mafundi wa vibanda vya jirani walikuwa wamekwisha kukusanyika, na Mzee akawaeleza kwa uso mkavu kwamba hasara yote hiyo ni ya Mzaramo, kwani tangu aingie karakana asali haijakaa. Naye atapeleka madai kwa shangazi yake Cheyo jioni ileile. Aliyapeleka. Shangazi alimjibu kwamba Mzaramo akishaingia katika nyumba ya Mnyamwezi huwa ni mali ya nyumba hiyo, pamoja na madeni yake, akamtuma mtoto na bakuli ili afungashiwe kilichobaki.

Tathmini, hata hivyo, ilikuwa lazima ifanyike, kwa sababu Mkufunzi alikuwa na wanafunzi wengine Nzega na Igunga. Fomu iliinamishwa juu ya ngoma hadi ikakauka kiasi cha kuandikika. Nikasimama mbele ya kigoda, nimeunganisha mikono nyuma. Akaniuliza, kwa ule mdomo, "Ftata ni nini?"

"Ni sehemu ya mota ambayo mtu ameishika, Mwalimu."

Moshi ukapita kati yetu. Aliinama, akaandika alama ambayo sikuweza kuiona kwa sababu ya nyuki aliyekaa juu yake, na kwenye kipengele cha usalama kazini akamwomba Mzee aeleze matumizi ya fagio. Mzee alieleza. Mota ile ya mteja, kwa kuwa asali ilikuwa imeishia kwenye ganda bila kuingia kwenye koili, ilifutwa kwa kitambaa cha maji ya moto, ikaungwa waya mpya, ikatundikwa mwembeni na kuzunguka kwa utulivu kamili, upande unaotakiwa.

Mkufunzi aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alipewa chupa ya soda iliyojazwa asali, akashukuru, akaaga, akatembea hadi barabarani, kisha akarudi.

"Mfee wangu, ile nondo ni ya milimita ngapi?"

"Kumi na mbili, Mwalimu."

Akatoa kalamu, akaandika nyuma ya fomu yangu.