Soksi Tatu Mia, Muulize Sanamu

Pale Kenyatta Avenue wamesimama wanaume watatu wa shaba ambao hawajalipa kodi ya nyumba tangu 1928. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza), mpiganaji Mwarabu na mchukuzi wa mizigo, ukumbusho wa wenyeji wa Afrika Mashariki waliotumikia Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanairobi huwapita kila asubuhi wakikimbilia kazini, wala hakuna anayewatupia jicho. Usiku mmoja wakawa wanne. Wa nne nilikuwa mimi, na mimi nilitazamwa hadi nikatamani kutoweka.

Mimi ni mwigizaji wa tamthilia za vitabu vya shule. Ukimwona mtu mzima akipiga mayowe mbele ya Kidato cha Nne kwa Kiswahili cha mtihani, ndevu za pamba zikimdondoka, huyo ni mwenzangu. Kazi ni nzuri mpaka shule zifungwe. Zikifungwa tunahamia nje ya Kenya National Theatre, tunakunywa chai ya kukopa na kungoja simu.

Simu ikaja. Vijana fulani walikuwa wanaandaa tamasha la sanaa la usiku mitaani: wanasarakasi, washairi, picha za mwanga ukutani, ngoma za isukuti, yaani jiji zima ligeuke jukwaa.

"Kaka, kuna kazi," akasema mkurugenzi.

"Nitasema nini?"

"Husemi."

"Nitafanya nini?"

"Hufanyi. Unasimama."

Nikauliza malipo mara mbili, maana nilidhani ni mtego.

Nia yake ilikuwa njema, lazima niseme. Alitaka watu wakumbuke wachukuzi wa vita vile, maelfu kwa maelfu waliobeba risasi na unga wa jeshi vichwani, wakafa zaidi kwa kuhara na njaa kuliko kwa bunduki. Akaninunulia akala, viatu vya matairi, kule Kariokor, soko lililopata jina lake kwa wachukuzi hao hao, akanivika kaptula, akanitwika gunia lililojazwa magazeti. Dada mmoja mpambaji akanipaka mchanganyiko wa mafuta ya kujipaka, kakao na unga wa dhahabu, kuanzia utosini hadi kwenye kucha za miguu. Nikapandishwa juu ya kreti ya soda iliyofunikwa turubai, mkono wa kushoto umeshika gunia, wa kulia umenyooshwa mbele, kiganja wazi.

"Mkono huu unaiuliza historia," akanieleza.

Sawa. Historia haikujibu, ila wengine walijibu.

Kenyatta Avenue, wanasema, ilifanywa pana hivyo ili gari la kukokotwa na ng'ombe liweze kugeuka. Usiku ule, kwa vile magari yalizuiwa, ilijaa watu ukuta hadi ukuta. Isukuti zinanguruma huku, mshairi analia huko, na harufu ya mahindi ya kuchoma inapita chini ya pua yangu, pua ambayo kakao ilishaanza kuiwasha. Jambo moja ambalo hakuna mtu aliniambia kuhusu usanamu ni kwamba pua huwasha kwa awamu. Kwanza upande mmoja. Ukishavumilia, inaupa taarifa upande wa pili.

"Huyu ni mtu," akasema kijana mmoja.

"Si mtu. Angalia macho, yamekufa."

"Yamekufa kwa sababu ni mtu wa Nairobi."

Mtoto akamvuta mamake. "Mama, kwa nini sanamu inatoa jasho?" Mama akamwambia ni mvua, wakaenda zao.

Kisha akaja mlevi. Akaketi kwenye ukingo wa kreti yangu, akaegemea goti langu, akashusha pumzi. "Afande," akaniambia, "wewe ulipigana na Mjerumani. Mimi napigana na landilodi. Ameng'oa mlango, afande. Mlango mzima! Nalala nikiangalia majirani." Nilimhurumia kwa dhati, lakini nilikuwa kazini.

Ndipo nikasikia miluzi, na wachuuzi wakaanza kukunja turubai zao mbiombio. Kanjo, askari wa jiji! Mchuuzi mmoja akachomoka kwenye umati na furushi la soksi, akatazama kushoto, akatazama kulia, akanitazama mimi. "Buda, nishikie tu," akanong'ona. Kufumba na kufumbua soksi zilikuwa zimepangwa kwenye mkono wangu uliouliza historia, kuanzia kwapani hadi kifundoni, na yeye hayupo.

Maaskari wawili wakafika. Mmoja akawahesabu wale wa shaba kwa kidole, akanifikia mimi, akarudi mwanzo.

"Hawa si huwa watatu?"

"Labda wameongeza."

"Na soksi?"

Mwenzake akafikiri. "Sanaa," akasema. Wakapita.

Nikashukuru Mungu mapema mno, kwa sababu Nairobi kitu kikisimama bila kutembea kwa dakika tano kinakuwa duka. Mzee mmoja akazipapasa zile soksi, akaivuta moja kupima mpira wake, akauliza bei. Kimya. "Si ni tatu mia kama kila mahali?" Kimya. Akachukua jozi tatu, akaweka noti ya mia kiganjani mwangu. Vidole vikajikunja vyenyewe. Njaa ya likizo za shule ina mafunzo yake. Wateja wakaona. Wakapanga foleni. Msichana akalalamika kwamba muuzaji anaringa, lakini akanunua.

Halafu akaja mama mmoja mwenye kiondo, mtu wa soko kabisa, unamjua kwa namna anavyoitazama bidhaa akiwa hajaikaribia. Akazikagua zote. Akanikazia macho.

"Nipe sita kwa mia. Kama hutaki, sema."

Akangoja. Alingoja kwa haki, siwezi kumsingizia. Kisha akasema, "Asante, mwanangu," akatia jozi sita kiondoni, akaniachia mia yake, akaondoka bila haraka.

Mchuuzi aliporudi alihesabu soksi, akanikunjua vidole, akahesabu pesa.

"Buda. Zimeenda jozi kumi na nane. Hiyo ni mia sita. Hapa kuna mia tano."

Kimya.

"Mia yangu iko wapi?"

Watu wakaanza kukusanyika, wakidhani ni mchezo. Yeye akaendelea kuwaeleza kwa sauti: eti amewahi kuibiwa na watu, na wahuni, lakini kuibiwa na sanamu ndiyo mara ya kwanza. Umati ukaangua kicheko. Mmoja akapendekeza nipekuliwe. Mkono wa mtu fulani ukaanza kushika kaptula yangu.

"Yule mama alichukua sita kwa mia!" nikapiga kelele.

Sijui kwa nini sauti ilitoka ile ya jukwaani, ya kufikia madawati ya nyuma. Umati ulitawanyika kwa mayowe. Mtu aliacha kiatu. Muuza mahindi aliacha jiko. Mshairi wa ng'ambo ya barabara alikatika katikati ya beti, na nilivyosikia baadaye, alipigiwa makofi.

Aliyebaki ni mlevi peke yake. Alisimama wima, visigino pamoja, akanipigia saluti. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya mia iliyokunjamana, akampa mchuuzi aliyekuwa amejificha nyuma ya mchukuzi halisi.

"Deni la afande nimelipa," akasema. Akanigeukia. "Sasa afande, kuhusu landilodi."

Nikamwahidi kulishughulikia.

Saa sita usiku mkurugenzi alinilipa, tena bila kunikata, akisema ule mlipuko ndio uliokuwa kilele cha tamasha. Maji ya kunawa yalikuwa yamekwisha. Nikaenda stejini kwa matatu hivyo hivyo, ninang'aa, gunia la magazeti kichwani kwa sababu kila kifaa kilikuwa na saini yangu. Makanga wa matatu ya Kawangware akanizuia mlangoni.

"Wewe utapaka viti. Simama hapo nyuma."

Nikasimama. Kazi hiyo niliijua.

"Na gunia lina nauli yake."

Nikalipa nauli ya mtu na nauli ya mzigo. Mzigo ukapewa kiti.