Kiwanda cha Bia Enzi ya Malkia Victoria: Mnunuzi Alilipia Nini Hasa?

Katika miaka ya 1880 huko Uingereza, mnunuzi wa kiwanda kidogo cha bia mara nyingi alikuwa jirani mwenye kiwanda kikubwa, na nia yake ilikuwa kukifunga kile alichokinunua. Alichokitaka ni baa za kiwanda hicho, ambazo ziliuza bia yake tu. Ndiyo maana mazungumzo yalikwama mapema: muuzaji alidai bei ya kiwanda kinachofanya kazi, na mnunuzi aliyaona matangi yale kama shaba chakavu.

Muuzaji alikuwa na hoja. Mtambo ulipimwa kwa kwota za kimea, kwota moja, kipimo cha ujazo wa nafaka, ikiwa busheli 8, na kila kwota ilitoa takriban mapipa manne ya galoni 36. Mtambo wa kwota 20 ulitoa basi kama mapipa 80 kwa mkupuo mmoja. Jirani akikataa kuulipia, mgeni angeweza kuununua pamoja na baa zake na kuendelea kumshindania mlangoni. Lakini hoja hiyo ilikuwa na nguvu pale tu mgeni huyo alipokuwepo kweli. Bila yeye, naona mnunuzi alikuwa na haki ya kulipia shaba kwa bei ya shaba.

Kuhusu kiasi cha mauzo, hapakuwa na sababu ya kubishana kwa maneno. Tangu Oktoba 1880 ushuru ulihamishwa kutoka kwenye kimea hadi kwenye bia yenyewe: shilingi 6 na peni 3 (pauni moja ikiwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12) kwa pipa la bia yenye uzito wa 1.057 kabla ya kuchachuka, maji yakihesabiwa kuwa 1.000. Aliyelipa pauni 1,250 kwa mwaka alitozwa kwa mapipa 4,000 ya kiwango hicho. Hapa ndipo wengi walipoweza kuteleza, kwa sababu bia nyepesi ya 1.050 ililipiwa ushuru mdogo kuliko huo: mapipa 57 yake yalitozwa kama mapipa 50. Kwa hiyo mapipa 4,000 ya ushuru yangeweza kuwa 4,560 kwenye magari ya farasi. Muuzaji angetaja idadi kubwa, mnunuzi angeshikilia stakabadhi, na wote wawili wangekuwa wanasema kweli. Mnunuzi makini aliuliza uzito wa kila aina ya bia kabla ya kuzidisha chochote.

Baa nazo hazikuwa na thamani sawa. Baa iliyo mali ya kiwanda ilikuwa salama kuliko ya kupanga, ambayo mkataba wake ungeweza kubakiza miaka michache tu. Dhaifu kuliko zote ni ile ambayo mwenyewe alikopeshwa fedha kwa sharti la kuuza bia ya kiwanda hicho: akipata mkopo kwingine na kulipa deni, ameondoka. Mwaka 1891, katika kesi ya Sharp v Wakefield, House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya nchi wakati huo, ilithibitisha kwamba mahakimu wanaweza kukataa kuhuisha leseni hata ya baa ya zamani. Wanunuzi walipata sababu ya kushusha bei. Wauzaji nao walikuwa sahihi kujibu kwamba leseni nyingi ziliendelea kuhuishwa, ila hawakuweza tena kuiuza leseni kana kwamba ni ya milele.

Suala la jina na wateja lilihitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Mwaka 1872, katika Labouchere v Dawson, kesi iliyotokana hasa na uuzaji wa kiwanda cha bia, mahakama iliamua kwamba muuzaji anaweza kufungua biashara nyingine kama ile, ila asiwafuate wateja wake wa zamani. Mwaka 1884 Mahakama ya Rufaa ikautupa uamuzi huo; mwaka 1896 House of Lords ikaurudisha. Kwa miaka 12 hiyo, mnunuzi aliyetegemea sheria bila kifungu kilichoandikwa alikuwa wazi kabisa. Kifungu kilitakiwa kutaja umbali na miaka, kwa sababu marufuku iliyopindukia ingeweza kubatilishwa na mahakama.

Madeni ya wenye baa yalitakiwa kuamuliwa kabla ya kutia saini. Muuzaji akiyabakiza mkononi mwake, atayadai kwa haraka na kwa ukali, maana hana tena bia ya kuwauzia. Anayeumia ni mnunuzi, kwani wanaobanwa ni wateja wake sasa. Kuyachukua kwa punguzo na kuyakusanya taratibu kulikuwa na gharama, lakini kuliziacha baa zikiwa wazi. Mapipa matupu yaliyotapakaa kwenye stoo zao yalihesabiwa moja moja, na yale yasiyoonekana hayakulipiwa.