Kimbunga Kikija, Bagamoyo Iambiwe Nini?

Kila kimbunga kinapotajwa katika Bahari ya Hindi, watu wa Bagamoyo huuliza swali moja: kina kasi gani? Wana haki ya kuuliza. Mwaka 1872 kimbunga kilichoivunja Unguja kilivuka hadi huku na kuangusha majengo ya misheni ya Wakatoliki. Ila namba ya kasi ya upepo, ikiachwa peke yake, haitusaidii kama tunavyodhani.

Kwanza, ni makadirio. Kwa Wamarekani ndege huingia ndani ya harikeni, yaani vimbunga vya kwao, na kudondosha vipimo hadi usawa wa maji. Kwetu ndege hizo hazipo. Kituo cha hali ya hewa cha kisiwa cha Réunion, chenye dhamana ya eneo letu la bahari, hutegemea zaidi picha za setilaiti, kikisoma umbo la mawingu na la jicho, yaani kitovu kitulivu cha kimbunga, kwa njia aliyoiasisi mtaalamu wa Marekani Vernon Dvorak. Tena Réunion hutoa wastani wa upepo wa dakika 10 na Wamarekani wa dakika 1, hivyo kimbunga kilekile huweza kutangazwa kwa kasi mbili na pasiwe na aliyekosea.

Kubwa zaidi ni umbo. Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Kikija kutoka mashariki, ubavu wake wa kusini ndio mkali, kwani hapo upepo na mwendo wa kimbunga chenyewe husukuma pamoja kuelekea nchi kavu. Hidaya, Mei 2024, kilipita Mafia, kusini mwetu, tukabaki ubavu wa kaskazini ambako upepo hutoka bara. Kingepita Pangani, kaskazini mwetu, kasi ileile ingetuletea bahari mlangoni. Nahodha wa ngalawa pale Mlingotini haelezwi mara mbili: upepo wa bara humtupa bahari kuu mvuvi aliye nje, na upepo wa baharini ukikutana na bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa, maji huvifuata vyombo hata vilivyokwisha kuvutwa mchangani.

Wanaotetea namba ya kasi pekee wana hoja nzito. Anayeamua kuzuia boti za Unguja anahitaji kiwango, kikifikiwa chombo hakiondoki. Hana nafasi ya somo la jicho na ubavu. Na hili ndilo linalonisumbua zaidi: njia ya kimbunga ikipinda usiku, aliyeambiwa yuko upande wa nafuu ataamkia upande mbaya. Hata hivyo, tahadhari ya jumla nayo ina gharama. Jobo, Aprili 2021, kilidhoofika kabla ya kufika pwani, na kwa mvuvi siku ya kukaa nchi kavu ni siku ya kukopa dukani. Akikopa bure mara kadhaa, tangazo linalofuata atalipuuza.

Bara nako kunasahauliwa. Kimbunga kikipanda nchi kavu hukosa maji ya joto yanayokilisha. Hesabu za watafiti Kaplan na DeMaria za mwaka 1995, zilizotokana na vimbunga vya Marekani, zinaonyesha upepo ukipungua karibu nusu kwa saa 7 hivi. Msata iko kilomita zipatazo 60 tu kutoka Bagamoyo. Kimbunga kinachotembea kilomita 15 kwa saa kingefika huko kwa saa 4, kikiwa bado na nguvu ya kuezua bati, maana upepo wa kilomita 80 kwa saa husukuma paa mara nne ya ule wa 40. Watu wa Msata na Chalinze husikia tahadhari ya bahari wakadhani ni ya wavuvi. Na mvua haimo kabisa katika namba ya kasi, ilhali baada ya Hidaya ni maji yaliyokata barabara ya Lindi pale Somanga.

Kwa maoni yangu, namba ibaki kwa kuzuia vyombo. Lakini taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa inayokuja wilayani iseme pia upepo utatoka upande gani na saa ngapi, ni bamvua au maji mafu, yale yasiyojaa sana, na nini kitabadilika njia ikisogea kaskazini kilomita 100. Hilo la mwisho lisomwe redioni kwa uzito uleule, ili aliye upande wa nafuu ajue mapema ni dalili gani itamtaka ahame.