Za Tembo, Si Zangu

Kama kuna mtu anajiona ana heshima zake, aende duka la dawa la jirani na stendi hapa Mikumi, saa saba mchana foleni ikiwa imejaa, aombe kondomu 300. Kisha aje aniambie heshima imebaki kiasi gani.

Hali yenyewe mnaijua: tembo wanatoka hifadhini usiku na kula mashamba yetu. Mnajua nani kabaki na migomba na nani kabaki na mashimo ya migomba. Mnajua pia kwa nini siku hizi masufuria, ya kugonga tuwafukuze, yanalala chini ya kitanda na si jikoni. Basi kitongoji kikaunda kamati ya uzio, na mimi nikachaguliwa mweka hazina kwa sababu nina koti.

Wazo la uzio wa umeme lilikufa kikao cha kwanza. Mwalimu mstaafu alisimama akatufahamisha kwamba pembe ya tembo haipitishi umeme, kwa hiyo mkubwa anakata waya kwa pembe taratibu, au anaulalia mti uangukie nyaya, halafu anapita na familia. Na hapo hata hatujauliza nani ataweka luku. Tukahamia mizinga ya nyuki, kama ile ya Mang'ula kule chini ya milima ya Udzungwa: mzinga, mita kumi, mzinga mwingine, yote imeungwa kwa waya. Tembo akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka kumuuma mpaka ndani ya mkonga. Wazo zuri kabisa. Likafia kwenye swali moja tu: asali itakuwa ya nani? Watu wawili mpaka leo hawasalimiani kwa asali ambayo nyuki wake hawajazaliwa.

Ikabaki kamba. Kamba ya katani, vitambaa vinaning'inia, vimepakwa pilipili kichaa iliyosagwa na oili chafu. Oili chafu gereji walikuwa wanaimwaga bure. Aliyewaambia kwamba tuna mradi, Mungu anamwona.

Sasa kamba peke yake haitoshi, ndivyo alivyosema kijana aliyekuja kutupa mafunzo. Tembo akikaidi kamba, unamrushia bomu la pilipili. Linatengenezwaje? Unachukua kondomu, unatia mchanga na unga wa pilipili, unachomeka fataki, unafunga, unawasha, unarusha. Inapasuka hewani, wingu la pilipili linamwingia mkongani, anageuza njia. Swali, wazee? Hakuna aliyeuliza. Kikao kizima kikageuka kunitazama mimi na koti langu.

Kufika dukani nakuta muuzaji ni binti niliyemfundisha kipaimara. Nyuma yangu dereva wa lori la Zambia, nyuma yake mama mmoja wa kwaya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Naomba Panadol."

Akatoa. Nikaomba pamba. Nikaomba dawa ya minyoo, na minyoo sina. Nikamgeukia yule mama nikamwambia apite, mimi sina haraka. Akasema, "Hapana baba, wewe ndiye uliyetangulia." Watu wema wana mateso yao.

"Na zile," nikanong'ona.

"Zipi, mzee?"

Nikaonyesha kwa kidevu. Binti akafuata kidevu, akashusha chupa ya vitamini za wazee. Nikatikisa kichwa. Akashusha dawa ya kuongeza nguvu. Dereva akakohoa.

"Kondomu!" Ikatoka kwa sauti ya mtu anayeitisha kura.

"Ee, sawa mzee. Pakiti moja?"

"Mia."

Feni peke yake ndiyo iliyoendelea na kazi. Nikaona niokoe hali. Nikasema kwa utulivu, "Ni za tembo."

Binti akageuka kutazama rafu, mtoto wa watu anataka kusaidia. "Chapa ya Tembo hatuna, mzee. Kuna hizi za kawaida tu."

"Si chapa! Tembo mwenyewe!"

Dereva akanipigia saluti. "Mzee wangu, kila mtu na jina lake."

Nikajaribu kueleza. Hapo ndipo nilipoharibu zaidi, maana maelezo yanaanza na "tunatia pilipili", na mama wa kwaya alipofika kwenye pilipili akakumbuka ana maharage jikoni, akaondoka na mafua yake. Na bado nilihitaji risiti, fedha za umma hizi.

"Niandike jina la nani?"

"Kamati ya Uzio."

Kalamu ikasimama. "Kamati nzima?"

Nimefika nyumbani, habari zimeshafika, zimekaa, zimekunywa chai. Mama watoto hakuuliza kitu. Alinipokea ule mfuko, akaupima uzito kwa mkono, akanirudishia.

Lakini niwaulize jambo. Pale barabarani ndani ya hifadhi kuna kibao cha faini. Ukimgonga tembo kwa gari, dola 15,000. Sawa, mnyama ni mali ya taifa. Sasa tembo akikugonga wewe ukafa? Kanuni za 2011 ziliandika kifuta machozi shilingi 1,000,000. Shilingi, si dola. Na shamba nalo kanuni hizohizo zililiwekea kifuta jasho, ila kadiri lilivyokuwa karibu na mpaka wa hifadhi ndivyo malipo yalivyoshuka, na likiwa ndani ya mita 500 hukupata hata leso. Yaani anayetembelewa kila usiku ndiye jasho lake halikuwa na bei! Mimi nilijaza fomu. Aliyekuja kupima alikuta mabua yameshaliwa na mbuzi, akaniuliza nina uhakika gani kwamba si mbuzi toka mwanzo. Nikamwonyesha nyayo. Akasema nyayo hazina tarehe.

Hazina tarehe! Nisitiri, ee Bwana.

Na mvua hizi zikianza pilipili yote inaoshwa, tunapaka upya, na bei ya kilo msiniulize. Nyani hata kwenye bajeti hawamo.

Halafu nina shemeji kaja kutoka Dar kutazama wanyama. Kalipa kiingilio, kakodi gari, kazunguka hifadhini kutwa nzima, kaona swala na matako ya pundamilia. Usiku huohuo tembo watatu wamesimama chooni kwangu. Asubuhi kanuna, eti kwa nini hatukumwamsha. Nikamwambia kama anawataka sana, leo akalale nje kwenye kamba, alinde na mitaa. Nilijua atakataa.

Amekubali. Anaulizia mto, na kama kule mtandao unashika.